Barabara Ikipanuliwa, Nani Alipie Kuhamisha Bomba, Nguzo na Mkonga? Mwongozo kwa Wenye Miundombinu Arusha na Moshi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kamati ya mradi wa maji wa kijiji, kamati ya mfereji, shule au hospitali yenye laini yake binafsi, kampuni ndogo ya intaneti, na ofisa wa kata au mtaa ambaye siku moja ataletewa barua inayosema kwamba miundombinu iliyomo ndani ya eneo la mradi iondolewe haraka. TANESCO, TTCL na mamlaka za maji za Arusha na Moshi zina wahandisi na wanasheria wa kushughulikia barua ya namna hiyo. Wadogo hawana, na kwa kawaida huanza kutafuta jibu siku tingatinga limekwisha kufika, wakati ambapo fedha za mradi zimekwisha kugawanywa.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba swali la nani alipe ni swali la mfuko upi utoe. Mradi ukilipa, analipa mlipa kodi au mkopo ambao mlipa kodi ataurejesha. Mamlaka ya maji ikilipa, gharama hiyo itajitokeza siku itakapopeleka maombi ya bei mpya EWURA, mdhibiti wa bei za maji na nishati, na hatimaye italipwa kupitia ankara za wateja. Kamati ya kijiji ikilipa, watachangishwa wanakijiji wenyewe. Kwa hiyo hakuna aibu yoyote katika kudai, na anayedai hamwibii mtu. Lakini anayedai lazima aweze kuonyesha mambo matatu: bomba lake lilikuwa wapi hasa, liliingia lini, na kwa idhini ya nani. Mara nyingi gharama humwangukia mwenye jalada jembamba, hata kama haki ilikuwa upande wake.

Hatua ya kwanza: mjue mwenye mradi

Barabara kuu na barabara za mikoa zipo chini ya TANROADS, na barabara za wilaya, zikiwemo nyingi za mitaani mjini, zipo chini ya TARURA iliyoanza kazi mwaka 2017. Reli inayopita Moshi kwenda Arusha, ambayo treni za abiria zilirejea hadi Arusha mwaka 2020, ni ya Shirika la Reli, na eneo lake lina masharti yake. Barua ya madai iliyopelekwa kwa mkandarasi peke yake ni barua iliyopotea, kwa sababu mkandarasi hana mamlaka ya kuahidi fedha za mwajiri wake. Barua iende kwa mwenye mradi, nakala kwa mhandisi mshauri anayemsimamia mkandarasi kwa niaba ya mwenye mradi, nakala kwa halmashauri.

Katika hatua hiyohiyo, iulizwe nani anafadhili. Upanuzi wa njia nne kati ya Sakina na Tengeru, wenye urefu wa takribani kilomita 14, pamoja na barabara ya mchepuo ya Arusha ya kilomita 42, ulifanywa kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na benki za aina hiyo huweka masharti kuhusu mali na huduma za watu zinazoguswa na mradi. Mpango wa uhamishaji na fidia unaoandaliwa kwa masharti hayo unapaswa kuorodhesha pia miundombinu ya jamii, si nyumba na migomba tu. Kamati ina haki ya kuomba kuuona mpango huo na kutafuta jina la bomba lake ndani yake. Lisipokuwemo, hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya pili: pimeni mahali bomba lilipo

Hapa ndipo penye uzito kuliko pote. Kabla ya Sheria ya Barabara ya mwaka 2007, hifadhi ya barabara kuu, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili ya barabara, ilihesabiwa mita 22.5 kutoka katikati ya barabara kila upande. Baada ya sheria hiyo na kanuni zake ikawa mita 30. Wakazi wa kandokando ya barabara ya Arusha–Moshi wanaifahamu tofauti hii kwa rangi: nyumba iliyomo ndani ya mita 22.5 za zamani kwa kawaida huchorwa alama ya X nyekundu, yaani mwenye nyumba ameingia barabarani na hana fidia, na nyumba iliyomo kati ya mita 22.5 na 30 huchorwa X ya kijani, yaani barabara ndiyo iliyomfuata, hivyo anastahili kulipwa kabla ya kuondoka.

Bomba lililo chini ya ardhi halichorwi X. Hakuna anayepita na brashi kuchora udongo, na kwa sababu hiyo mabomba ya miradi midogo huwa hayaonekani katika tathmini hadi kijiko cha mashine kitakapoyafukua. Kamati ifanye kazi hiyo yenyewe. Itafute mstari wa kati wa barabara iliyopo na vigingi vya hifadhi vya zege, ambavyo katika sehemu nyingi bado vipo hata kama vimefunikwa na majani, na ipime kwa futi kamba kutoka katikati hadi juu ya bomba katika kila mahali ambapo bomba linabadili mwelekeo. Pale ambapo hakuna mwenye uhakika, lichimbwe shimo dogo la majaribio kwa jembe na mikono, bila sururu karibu na bomba, hadi mgongo wa bomba uonekane. Futi kamba iwekwe shimoni ipigwe picha ikionyesha kina, kipenyo na aina ya bomba, na simu iwe imewashwa eneo ili picha ibebe mahali ilipopigwa. Mwenyekiti wa kitongoji au mtaa awepo na asaini kumbukumbu ya siku hiyo. Picha kumi za namna hiyo zina nguvu kuliko barua tatu za malalamiko.

Izingatiwe pia kwamba barabara inapopanuliwa mstari wake wa kati unaweza kusogezwa upande mmoja, hasa penye kona au daraja. Vipimo vya haki za zamani hutokana na barabara ya zamani. Vichukuliwe kabla lami ya zamani haijang'olewa, kwa sababu baada ya hapo ushahidi utakuwa umechukuliwa na lori la kifusi.

Hatua ya tatu: nani alitangulia, na kwa kibali gani

Anayetaka kupitisha bomba, nguzo au mkonga ndani ya hifadhi ya barabara anahitaji kibali cha maandishi cha mamlaka ya barabara. Vibali hivyo kwa kawaida huwa na sharti kwamba barabara itakapohitaji nafasi yake, mwenye miundombinu ataiondoa kwa gharama zake. Aliyesaini sharti hilo hana hoja kubwa ya kudai gharama yote, ingawa bado anaweza kudai muda wa kutosha, mahali pa kuhamia, na kutokatiwa huduma ovyo.

Hali hubadilika kabisa kama bomba lilipita kwenye ardhi ya kijiji au ya mtu binafsi kwa ridhaa yake, kisha barabara ikapanuka ikaifikia ardhi hiyo. Hapo bomba ni sehemu ya mali inayoguswa na utwaaji wa ardhi, na msingi wa dai ni Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 pamoja na sheria za ardhi za mwaka 1999. Muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia bomba lipite, hata ukiwa umeandikwa kwa mkono katika daftari lenye mistari, ni waraka wa thamani. Watafutwe wazee waliokuwa makatibu wakati huo kabla daftari halijaliwa na mchwa.

Tofauti hii haikubuniwa kwetu. Katika majimbo mengi ya Marekani, kampuni iliyowekwa barabarani kwa ruhusa tu huhama kwa gharama zake, na ile iliyokuwa na haki ya njia katika ardhi binafsi kabla ya barabara kufika hurejeshewa gharama. England ilichagua kugawana: chini ya kanuni za mwaka 2000, katika kazi kubwa za barabara mwenye bomba hubeba asilimia 18 na mamlaka ya barabara asilimia 82, ilimradi mamlaka hiyo imelipa sehemu kubwa ya makadirio mapema. Kwa maoni yangu, utaratibu huo wa mwisho una busara, kwa kuwa humfanya kila upande aone uchungu wa kuchelewa. Sisi hatuna mgawanyo wa asilimia wa namna hiyo, ndiyo maana makubaliano ya mradi mmoja mmoja yana uzito mkubwa.

Bomba lililowekwa ndani ya hifadhi bila kibali chochote ndilo lenye hali ngumu zaidi. Hata hivyo kamati isikate tamaa mapema, kwa sababu mradi hauwezi kuacha kijiji bila maji kwa hoja ya karatasi, na mwenye mradi mwenye akili huona kwamba kuhamisha bomba hilo ni nafuu kuliko kusimamisha mitambo kwa ajili ya mgogoro.

Mali ipi ni ya nani

Nguzo aliyolipia mteja wakati wa kuunganishiwa umeme hubaki kuwa mali ya TANESCO, kwa hiyo kuihamisha ni suala kati ya TANESCO na mradi, na mteja asikubali kuchangishwa. Kilichopo baada ya mita, iwe waya wa kwenda kwenye banda la kuku au bomba la kuingia uani, ni cha mteja, naye anapaswa kukiorodhesha kwa mthamini pamoja na ukuta na miti yake. Penye miji yetu kuna jambo moja la kuangaliwa kwa makini: mita za maji zilizopangwa pamoja upande mmoja wa barabara huku kila nyumba imevuta bomba lake dogo kupita chini ya barabara hadi upande wa pili. Mabomba hayo yapo baada ya mita, hivyo mamlaka ya maji inaweza kusema si yake, na mradi unaweza kusema hauyajui. Dawa ni mtaa kudai mapema kwamba mradi uweke karavati dogo au bomba kubwa la ala litakalobeba mabomba yote kwa pamoja, badala ya kila mwenye nyumba kupigania futi zake.

Mfereji nao ni miundombinu

Miteremko ya Kilimanjaro na Meru ina mifereji ya asili, ile ambayo Wachagga huiita mifongo, na wasanifu wa barabara wasio wa huku huisoma katika ramani kama mitaro ya maji ya mvua. Kosa hilo ni ghali. Mtaro wa mvua unaweza kuelekezwa popote penye bonde, lakini mfereji wa umwagiliaji unategemea mwinuko wake kwa usahihi mkubwa. Karavati likiwekwa juu kidogo kuliko kitako cha mfereji, maji husimama upande wa juu, na mashamba ya chini hukauka huku barabara ikiharibika kwa kulowana.

Kamati ya mfereji ipime kitako cha mfereji upande wa juu na wa chini wa barabara, kwa msaada wa mpima wa halmashauri, na vipimo hivyo vipelekwe kwa mhandisi mshauri kwa maandishi, vikiambatana na kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake kuu ipo Moshi. Gharama ya kivuko cha mfereji inapaswa kuwa ndani ya usanifu wa barabara kama karavati lingine lolote. Wakati wa usanifu ni mstari mmoja katika mchoro; baada ya lami kumwagwa ni kukata barabara mpya, na hakuna meneja atakayesaini hilo kwa furaha.

Hatua ya nne: ulizeni fedha zimekaa fungu gani

Katika mikataba ya barabara kuna jedwali la kazi na bei, ambalo kila mtu saiti huliita BOQ. Ndani yake kwa kawaida kuna kiasi cha makisio kilichotengwa kwa ajili ya kuhamisha huduma. Fedha hiyo si ya mkandarasi. Hutumika kwa maelekezo ya mhandisi tu, na isipotumika hubaki kwa mwajiri. Swali la kuuliza katika kikao cha wadau ni fupi: "Kiasi kilichotengwa kwa kuhamisha huduma kinahusu huduma za nani, na bomba letu limo?" Jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.

Mradi ukiamua kazi ya kuhamisha ifanywe kupitia mkandarasi wa barabara, masharti ya kawaida humruhusu kuongeza asilimia yake ya usimamizi na faida juu ya gharama halisi. Ikifanywa na mamlaka ya maji au TANESCO kwa kulipwa moja kwa moja, nyongeza hiyo haipo, lakini ucheleweshaji huwa mkubwa zaidi. Kila njia ina machungu yake, na binafsi naona kazi ndogo za maji za vijijini zifanywe na mkandarasi akiwa bado na mashine pale, chini ya usimamizi wa fundi wa mradi wa maji.

Kamati iujue pia upande wa pili wa shilingi. Mikataba mingi ya miradi inayofadhiliwa na benki za maendeleo hufuata masharti ya FIDIC, yaani masharti ya kimataifa ya mikataba ya ujenzi, ambayo humtaka mkandarasi aliyecheleweshwa kutoa notisi ya dai ndani ya siku 28 tangu alipojua sababu. Bomba lisipoondolewa kwa wakati, mkandarasi ataandika notisi hiyo, na mwajiri anaweza kulazimika kumpa muda wa ziada na fedha za mitambo iliyokaa bure. Kutaja jambo hili kwa upole katika barua humkumbusha mwenye mradi kwamba kulimaliza suala la bomba mapema ni faida yake.

Hatua ya tano: andaeni makadirio yasiyopingika

Makadirio yanayokataliwa ni yale yaliyoandikwa kwa jumla, "kuhamisha bomba, shilingi milioni kadhaa". Yagawanywe: kuchimba mtaro kwa mita na kwa aina ya udongo, kwa sababu mwamba wa volkano wa Arusha haulingani na udongo wa tambarare ya chini ya Moshi, bomba na viungio, vali, ala ya kuvuka barabara, kupima shinikizo, kusafisha kwa klorini, kurejesha ardhi, usimamizi. Ionyeshwe wazi kama bei zina VAT ya asilimia 18 au hapana, maana fedha nyingi za uhamishaji zimekwama kwa sababu ya mstari huo mmoja.

Ubishi mkubwa huja kwenye uboreshaji. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, bomba la zamani lina kipenyo cha milimita 63 na kulirudisha kama lilivyo kungegharimu milioni 48. Kamati, kwa kuwa kijiji kimekua, inataka bomba la milimita 110, na gharama inapanda hadi milioni 71. Mradi unadaiwa milioni 48. Tofauti ya milioni 23 ni ya kamati, na ni vizuri kamati iiseme yenyewe kabla haijaulizwa, kwani huipa sifa ya ukweli. Mradi unaweza pia kudai kupunguza kwa sababu bomba la zamani lilikuwa limechakaa. Jibu la haki ni kwamba kamati haikuomba bomba jipya. Lile la zamani lilikuwa likitoa maji, na sokoni halinunuliki bomba lililotumika la kuwekwa badala yake. Penye bomba lililokuwa likivuja kila mwezi, jibu hilo hudhoofika, na kumbukumbu za matengenezo ndizo zitakazoamua.

Kama suala limeingia katika uthamini wa fidia, tarehe ziangaliwe. Kwa Sheria ya Uthamini ya mwaka 2016, fidia isipolipwa ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe, riba huanza kuhesabiwa, na uthamini wenyewe hupoteza uhai baada ya miaka miwili.

Hatua ya sita: makubaliano kabla ya jembe

Ahadi ya mdomo ya mhandisi mkarimu haina maana siku atakapohamishiwa mkoa mwingine. Liandikwe kubaliano, hata la kurasa mbili, linalotaja njia mpya ya bomba na mchoro wake, nani ananunua vifaa, nani anachimba, malipo yanatolewa lini, na huduma itakatika kwa saa ngapi. Kiwekwe kifungu kimoja ambacho hakina mjadala: bomba jipya lilazwe, lipimwe na kusafishwa kwanza, ndipo la zamani likatwe. Kwa mkonga wa mawasiliano, kila uzi hukatwa na kuunganishwa upya, kwa hiyo saa za usiku zitengwe na wateja waarifiwe. Kazi yoyote ya mitaro isiachwe wazi kuelekea masika.

Kama mradi utaleta maji ya muda kwa boza au kisima, kamati iulize kipimo cha floridi. Kando ya Meru kuna vyanzo vyenye floridi inayozidi sana kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita, na maji hayafanani hata kati ya vijiji jirani.

Bomba likikatwa kabla ya makubaliano

Zipigwe picha hapohapo, muda uandikwe, na mhandisi mshauri apewe barua siku hiyohiyo. Kama bomba lilikuwa limeonyeshwa kwenye mchoro aliopewa mkandarasi, matengenezo ni juu yake na bima yake. Kama halikuonyeshwa, swali linarudi kwa mwenye mradi na kwa kamati iliyonyamaza. Hii ndiyo sababu mchoro wa hatua ya pili upelekwe kwa maandishi na kupokelewa kwa mhuri.

Madai yakishindikana mezani, mahakama ipo, lakini kesi dhidi ya Serikali, wakala wake au halmashauri hutanguliwa na notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa Serikali lazima aunganishwe. Siku 90 ni nyingi kwa kijiji kisicho na maji. Mkuu wa wilaya, mbunge na diwani wamekwamua mengi ya aina hii kwa kikao kimoja, na hakuna ubaya kuwatumia mapema, mkiwa na jalada lenu mkononi.

Baada ya kuhama

Kazi ikikamilika, ichorwe ramani ya bomba lilivyolazwa kweli, si lilivyopangwa, na nakala ibaki kwa kamati, kwa halmashauri na kwa mamlaka ya barabara. Kama njia mpya imo ndani ya hifadhi, kibali kipya kiombwe mara moja, na sharti la gharama lisomwe kabla ya kusaini: mwenye bomba aombe liandikwe kwamba lilihamishiwa hapo kwa maelekezo ya mradi, ili barabara ikipanuliwa tena asihesabiwe kuwa aliingia hifadhini kwa hiari yake.